Kijana anataka kuandika programu za kompyuta: aanzie wapi?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakishatangazwa, swali huwa ni lile lile katika nyumba nyingi za Mombasa, Kwale, Malindi na Lamu: huyu kijana afanye nini sasa? Siku hizi jibu moja huja mbio: akasomee kompyuta. Mzazi hujinyima akatoa ada, kijana huenda miezi mitatu, akarudi na cheti chenye muhuri. Baadaye cheti hukaa kabatini na kijana hukaa barazani, na wazee huuliza: si mlisema kompyuta ina kazi?

Mara nyingi kijana hana kosa. Alichofundishwa ni zile zinazoitwa "paketi": kuchapa barua, kupanga hesabu kwenye jedwali, kutuma barua pepe na kadhalika. Hayo ni maarifa ya maana na ofisi nyingi huyataka. Lakini huko ni kutumia programu zilizoandikwa na wengine. Kuandika programu yenyewe ni ufundi mwingine kabisa. Tofauti yake ni kama ile iliyopo baina ya abiria aliyepanda jahazi na fundi wa Matondoni aliyeliunda. Wote wawili wamo chomboni, lakini chombo kikivuja utajua ni nani wa kuitwa.

Makala haya ni ya yule anayetaka kuwa fundi, awe kijana wa shule, mama wa nyumbani au mtu mzima mwenye kazi yake. Neno langu ni moja. Ufundi huu hupatikana kwa kuandika programu ndogo ndogo kila siku, kwa lugha moja, kuhusu jambo unalolijua. Ada kubwa, mashine ya bei ghali na cheti vyaweza kusaidia, lakini hakuna hata kimoja kinachoshika nafasi ya kuandika.

Programu ni nini hasa

Programu ni orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya nyingine. Mwambie mpishi wa pilau "tia chumvi kiasi" naye atakuelewa, kwa sababu ameshapika na ameshaonja. Kompyuta haijui kiasi. Lazima uiambie ni vijiko vingapi, vitiwe wakati gani, na ifanye nini chumvi ikiwa imekwisha. Kazi ya mwandishi wa programu ni hiyo: kuchukua jambo ambalo binadamu hulifanya kwa mazoea na kulipasua hatua kwa hatua, bila kuacha pengo.

Chukua M-Pesa, ambayo ilianza nchini mwaka 2007. Unapomtumia mtu shilingi 500, kuna programu inayouliza maswali kwa zamu. Je, namba ya siri ni sahihi? Je, salio linatosha pamoja na gharama ya kutuma? Jibu likiwa ndiyo, pesa hutolewa huku na kutiwa kule, na ujumbe hutumwa pande zote mbili. Likiwa siyo, unaarifiwa na hakuna kinachokatwa. Kila hatua iliandikwa na mtu aliyekaa akafikiri ni jambo gani laweza kwenda kombo.

Fikra hii si ngeni kwa watu wetu. Neno ambalo Wazungu hulitumia kuita mpangilio wa hatua za kutatua hesabu, algorithm, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Kitabu chake cha al-jabr, ambacho ndicho kilichoipa aljebra jina lake, kina sehemu kubwa inayohusu hesabu za wasia na mirathi. Alikuwa na tatizo la watu halisi mkononi, akaweka njia ambayo mwingine yeyote angeweza kuifuata akapata jibu lile lile. Mwandishi wa programu hufanya kazi hiyo hiyo.

Vifaa: unahitaji nini?

Usingoje laptopu mpya. Ya mitumba yenye kumbukumbu ya 4GB inatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza. Ikiwa ni kuukuu na inakwenda kwa kujikokota, waweza kuondoa mfumo uliomo na kuweka Linux, ambayo ni ya bure na ziko aina zake nyepesi zinazokubali mashine za zamani.

Kama huna laptopu, simu ya Android yaweza kukuvusha wiki za mwanzo. Iko programu inayoitwa Pydroid 3 ambayo ukishaipakua hukuwezesha kuandika na kuendesha programu za Python simuni bila bando. Simu ina taabu zake: kioo ni kidogo, na alama kama mabano na nukta mbili zinachosha kuzitafuta. Lakini ni afadhali kuanza na simu leo kuliko kungoja laptopu mwaka mzima. Wengine huandika programu zao daftarini usiku, na kesho yake wakaenda kuzijaribu saiba au kwa rafiki mwenye mashine. Hilo nalo halina ubaya, na lina faida ya kukulazimisha kufikiri kabla ya kubonyeza.

Kuhusu bando, fahamu kwamba video ndizo zinazomeza. Masomo ya maandishi hutumia kidogo sana. Pakua vifaa vyako siku moja mahali penye intaneti ya bure, kisha fanya mazoezi nyumbani bila kuunganishwa.

Kuna wanaoogopa Kiingereza. Ni kweli amri za lugha hizi ni za Kiingereza na masomo mengi pia. Lakini maneno rasmi ya Python hayafiki 40, na majina mengine yote ndani ya programu unayachagua mwenyewe. Waweza kuita kitu "deni", "samaki" au "nauli" na kompyuta haitakuuliza.

Lugha ipi kwanza?

Lugha za programu ni nyingi, na ubishi wa ipi ni bora hauna mwisho. Kwa anayeanza, chaguo la maana ni hizi tatu.

Python ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum, Mholanzi. Ni ya bure. Maandishi yake ni mafupi na yanasomeka, kwa hiyo unapambana na tatizo lenyewe zaidi kuliko alama. Hutumika katika utafiti wa sayansi, kuchambua takwimu, tovuti na akili bandia. Kwa wengi, hii ndiyo ya kuanzia.

JavaScript ilizaliwa mwaka 1995 na ndiyo lugha inayofanya kurasa za intaneti ziitike unapobonyeza. Ikiwa nia yako ni kutengeneza tovuti, anza na HTML inayopanga maandishi na picha, ufuatie CSS inayopamba, kisha uingie JavaScript.

Scratch ni ya watoto wa miaka 8 na kuendelea. Ilitoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Mtoto haandiki, bali hupanga vipande vya rangi na mchoro ukatembea kwa amri zake. Na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake.

Chagua moja ukae nayo miezi 6. Ugonjwa wa wanaoanza ni kuhama: wiki mbili Python, akasikia Java ina pesa, akahamia, akasikia nyingine. Mwaka ukaisha yuko mlangoni bado. Elewa kwamba unachojifunza katika lugha moja hakipotei. Mswahili akikaa Kwale mwaka mmoja hukielewa Kidigo, kwa kuwa mizizi ni mamoja. Lugha za programu ndivyo zilivyo: ya kwanza ndiyo ngumu, ya pili huja haraka.

Programu zako tatu za kwanza

Kwa laptopu, pakua Thonny. Ni programu ya bure iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza, na Python imo ndani yake tayari. Ifungue, uandike mstari huu, kisha ubonyeze kitufe cha kuendesha:

print("Habari ya asubuhi, Mombasa")

Maneno yaliyo kati ya alama za kunukuu yatatokea chini. Amri ya print maana yake ni "onyesha". Badilisha maneno, uendeshe tena. Hiyo ni programu ya kwanza.

Ya pili ichukue hesabu ambayo wengi wetu tunaijua, ya zaka. Mali ikifika nisabu na ikapitiwa na mwaka, hutolewa asilimia 2.5. Andika:

mali = 200000
nisabu = 150000
if mali >= nisabu:
    print(mali * 0.025)
else:
    print("Hujafikia nisabu")

Namba hizo ni za mfano tu. Nisabu ya kweli hufuata bei ya dhahabu au fedha ya siku hiyo, na masuala ya nini kihesabiwe na nini kiachwe ni ya kumuuliza sheikh wako, si ya kompyuta. Tazama sasa kilichofanyika. Mistari miwili ya kwanza imeweka namba ndani ya visanduku viwili vyenye majina. Mstari wa tatu unauliza: je, mali ni sawa na nisabu au imezidi? Ikiwa ndiyo, fanya ulioandikwa chini yake. Neno else ni "la sivyo". Nyota ni alama ya kuzidisha. Ukiendesha utapata 5000.0. Badilisha mali iwe 90000 na jibu litakuwa "Hujafikia nisabu".

Angalia pia kwamba mistari iliyo chini ya if na else imesogezwa ndani kwa nafasi 4. Katika Python hilo si pambo. Ndivyo kompyuta inavyojua ni amri zipi ziko chini ya sharti hilo.

Ya tatu ni ya chama. Kila mwanachama hutoa shilingi 500 kwa mwezi, nawe unataka kuona akiba ya mtu mmoja inavyokua mwaka mzima:

for mwezi in range(1, 13):
    print(mwezi, mwezi * 500)

Mistari miwili tu, lakini kompyuta itakutolea safu 12, ya mwisho ikiwa ni 12 na 6000. Imerudia kazi ile ile kwa kila mwezi bila kuchoka. Kumbuka kwamba range huishia kabla ya namba ya mwisho, ndiyo maana tumeandika 13.

Mambo 6 ya msingi

Aliyeyashika haya ana ufunguo wa karibu lugha zote:

1. Kisanduku chenye jina, ambamo unaweka namba au maneno, kama "mali" hapo juu. Vitabu huita kigeu, kwa kuwa kilichomo chaweza kubadilika.
2. Sharti: ikiwa hivi, fanya hili, la sivyo, fanya lile.
3. Mzunguko: rudia kazi hii mara kadhaa, au mpaka jambo fulani litimie.
4. Orodha: vitu vingi chini ya jina moja, kama bei za changu, tafi, nguru na kolekole za siku moja.
5. Kipande cha programu kilichopewa jina lake, ili ukiite kila ukikihitaji bila kukiandika upya. Ukishaandika hesabu ya nauli mara moja, kazi yako baadaye ni kuita "nauli".
6. Faili: kuhifadhi matokeo ili mashine ikizimwa yasipotee, na kuyasoma tena kesho.

Usihame kutoka moja kwenda jingine mpaka uwe umeandika programu tatu nne zako mwenyewe zinazolitumia.

Kosa ni mwalimu

Siku ya kwanza utapata maandishi mekundu. Usiogope, na usifute kila kitu. Soma mstari wa mwisho kwanza, kisha tazama namba ya mstari uliotajwa. Ukiandika Print kwa herufi kubwa utaambiwa NameError, yaani jina hilo halijulikani, kwa kuwa Python hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Ukisahau nukta mbili mwishoni mwa mstari wa if utapata SyntaxError, yaani sentensi haikutimia. Ukikosea zile nafasi za pembeni utapata IndentationError. Makosa ya mwanzo mengi ni ya aina hizi tatu.

La kuogopwa ni kosa lisilopiga kelele. Hebu katika programu ya zaka badala ya 0.025 uandike 0.25. Kompyuta haitalalamika. Itakwambia utoe 50000 badala ya 5000. Kwake hiyo ni hesabu kama hesabu nyingine. Kwa hiyo kila programu ijaribu kwa namba ambazo jibu lake umeshalipata kwa mkono. Jaribu pia namba za pembeni: mali ikiwa sawasawa na nisabu, mali ikiwa 0.

Mambo haya hayawapati wanafunzi peke yao. Mwaka 1999 shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo chake cha Mars Climate Orbiter kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kana kwamba ni vipimo vya metriki. Hesabu zenyewe zilitoka vizuri, ila hakuna aliyeulizia kipimo. Anayeandika programu ya kugawa pesa za watu na akumbuke kisa hicho.

Ratiba ya miezi 6

Saa moja kila siku ni bora kuliko saa saba za Jumapili moja. Chagua wakati ambao nyumba imetulia, baada ya alfajiri au baada ya isha, na uulinde.

Mwezi wa kwanza: visanduku na masharti. Andika programu ya kurudisha chenji dukani, ya nauli ya tuktuk, ya kugeuza pima kuwa mita.

Mwezi wa pili: mizunguko na orodha. Andika jedwali la kuzidisha, orodha ya bei za samaki itakayokupa bei ya juu na ya chini.

Mwezi wa tatu: vipande vyenye majina, na faili. Chukua programu zako za zamani uziandike upya kwa unadhifu.

Mwezi wa nne: kazi moja ya kweli kwa mtu mmoja wa kweli. Daftari la madeni la duka la mjomba. Mahudhurio ya watoto wa madrasa. Michango ya bodaboda wa steji yenu. Kaa naye, mwulize anavyofanya sasa kwa kalamu na karatasi, na uandike hatua zake zote kabla ya kugusa kompyuta.

Mwezi wa tano: mpe aitumie. Hapa ndipo utakapojifunza zaidi. Mjomba ataandika jina mahali pa namba, na programu itakwama. Mteja atalipa nusu ya deni, jambo ambalo hukulifikiria. Rekebisha, urudishe.

Mwezi wa sita: jifunze Git, chombo cha kuhifadhi kila toleo la programu yako ili uweze kurudi nyuma, na uweke kazi zako GitHub ambako wengine wataziona. Soma programu za wengine nawe.

Kwa muda wote huo shika sharti moja: kila mfano unaousoma, uandike kwa vidole vyako. Kunakili na kubandika hakufundishi. Hata alifu hatukuijua kwa kumtazama mwalimu akiiandika ubaoni.

Mahali pa kusomea

Masomo ya bure yapo, tena ya kiwango cha juu. freeCodeCamp, iliyoanza mwaka 2014, ina masomo na mazoezi mengi ya maandishi bila malipo. Chuo Kikuu cha Harvard kimeweka wazi mtandaoni somo lake la mwanzo la kompyuta, CS50. Ni zito lakini linaeleza kutoka alifu hadi yee. Tovuti rasmi ya Python nayo ina mafunzo yake.

Hapa nyumbani, Swahilipot Hub iko Mombasa karibu na Fort Jesus, na ni mahali pa vijana kukutana kwa mambo ya teknolojia na sanaa. Anayetaka diploma au shahada ana Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho shina lake ni ile Mombasa Institute of Muslim Education ya miaka ya 1940. Wenye watoto shuleni wajue pia kwamba mwaka 2022 KICD iliidhinisha mtaala wa kufundisha kuandika programu katika shule za msingi na za upili. Nenda shuleni uulize kama umefika kwa mtoto wako.

Jambo jingine ni wenzako. Tafuta wawili watatu mnaoanza pamoja, mkutane mara moja kwa wiki, kila mmoja awaonyeshe wengine alichoandika. Anayesoma peke yake huacha upesi.

Kabla ya kutoa ada

Ukiamua kumlipia kijana chuo, nenda mwenyewe uulize. Mtafundisha lugha gani ya programu? Mwanafunzi atakaa saa ngapi kwa wiki akiandika mwenyewe kwenye mashine, na ni wanafunzi wangapi kwa mashine moja? Nionyesheni programu iliyoandikwa na mwanafunzi wa mwaka jana. Anayefundisha, yeye mwenyewe ameandika nini? Chuo kizuri hufurahia maswali haya. Hakikisha pia kwamba chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi. Na anayekuahidi kazi ya uhakika baada ya wiki 8, mshukuru, funga mkoba wako, uende zako.

Mpe kijana mwezi mmoja wa masomo ya bure kwanza. Akiwa anaamka kuandika bila kusukumwa, ada yako haitapotea. Akiwa hataki, umeokoa pesa ambazo zingemfungulia njia nyingine.

Akili bandia je?

Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa mwaka 2022, vijana huuliza: nijifunze kwa nini, na mashine yenyewe yaandika programu? Yaandika, ni kweli, na haraka. Pia hukosea, na hukosea kwa lugha ya kujiamini. Inapokuletea 0.25 badala ya 0.025, ni nani atakayegundua? Ni yule ajuaye kusoma. Asiyejua atampelekea mjomba programu yenye kosa, na siku madeni yatakapovurugika hataweza hata kueleza kilichotokea.

Itumie kama mwalimu, usiigeuze karani. Miezi mitatu ya mwanzo usiiombe ikuandikie. Iombe ikueleze maana ya kosa ulilolipata, au ikupe mazoezi zaidi ya mizunguko. Ikikuletea jibu, lifunge, kisha ujaribu kuliandika bila kutazama.

Wasichana wasisahauliwe

Anayetajwa mara nyingi kuwa mwandishi wa kwanza wa programu ni mwanamke, Ada Lovelace wa Uingereza, ambaye mwaka 1843 alichapisha maelezo ya namna mashine iliyobuniwa na Charles Babbage ingeweza kufanya hesabu hatua kwa hatua. Kazi hii haitaki misuli, na yaweza kufanywa nyumbani kwa saa ambazo mtu anazo. Ikiwa laptopu ya nyumba ni moja, isiwe ya kaka peke yake. Dada naye apangiwe saa yake.

Na kazi?

Miezi 6 haikupi kazi. Inakupa msingi, na kazi unayoweza kumwonyesha mtu. Kutoka hapo wengine huenda chuo wakiwa na mwanga, wengine hutengeneza tovuti za maduka na nyumba za wageni, wengine huongeza ujuzi huu juu ya kazi waliyo nayo: mhasibu anayeweza kuifanya kompyuta ipange hesabu zake, mwalimu anayejitungia programu ya alama.

Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS kutoka Fujairah na Seacom, zilifika nchi kavu hapa Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Intaneti ya sehemu kubwa ya nchi hii hupitia kwetu kabla ya kufika Nairobi. Mwaka 2008 iliandikwa Ushahidi, programu yenye jina la Kiswahili iliyotumika hadi Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010. Waliifanya vijana waliokuwa na tatizo mbele yao na ujuzi mkononi. Matatizo sisi tunayo: maji ya mifereji, ratiba za vivuko, bei za samaki, vitabu vya madeni. Ujuzi ndio uliobaki, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kwa hiyo leo usiku, kabla ya kulala, pakua Thonny au Pydroid 3. Andika mstari ule mmoja wa salamu, uubadilishe mara tatu. Kesho andika ule wa zaka. Kesho kutwa mwulize mama ni hesabu gani inayomchosha zaidi kila mwezi, na uiandike karatasini hatua kwa hatua, maana hiyo huenda ikawa kazi yako ya mwezi wa nne.